Jinsi ya Kuyasoma Maandishi ya Kale Yasiyo ya Dini Ukitafuta Maisha ya Kila Siku

Karibu mwaka 1240 KK, katika mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses wa Pili, karani mmoja wa Misri alichukua bapa la chokaa akaandika juu yake mahudhurio ya mafundi waliokuwa wakichimba makaburi ya wafalme. Majina 40, siku 280. Tarehe aliziandika kwa wino mweusi, na sababu ya mtu kukosa kazi akaidokeza juu yake kwa wino mwekundu. Huyu macho yanamsumbua. Yule ameumwa na nge. Mwingine anatengeneza pombe, mwingine anaiandaa maiti ya mama yake kwa maziko, mwingine anajenga nyumba yake. Jiwe hilo sasa liko British Museum, London.

Karani huyo hakuwa na habari na sisi. Alichotaka ni hesabu isimtie matatani, na hakuwa na sababu ya kumpamba nge.

Maandishi ya dini ya zamani yana mengi ya kusema juu ya watu walivyotakiwa kuwa. Ukitaka kujua walidaiana nini, walichekana kwa lipi na nani aliwafulia nguo, inakubidi uende kwenye barua, hati za mikopo, mashairi ya mapenzi, kejeli, orodha za dobi na mazoezi ya wanafunzi. Si kwamba wenye kuandika haya walikuwa wakweli zaidi. Waongo walikuwamo tele. Lakini hata mwongo, anapokusimulia uongo wake, hana budi kuuweka mahali fulani, wakati fulani, mbele ya watu fulani wenye vyombo fulani mikononi, na vitu hivyo vya pembeni mara nyingi huwa kweli kwa kuwa havikumshughulisha. Kazi yetu ni kuviokota.

Mwongozo huu ni wa msomaji asiyejua lugha za kale, mwenye tafsiri nzuri, daftari na subira. Nitautembeza kwa mfano mmoja mkubwa kutoka Misri, na mingine midogo pale inapohitajika.

Hatua ya kwanza: uliza andiko limefikaje kwako

Kabla ya kusoma sentensi moja, tafuta lilipatikana wapi. Oxyrhynchus, mji wa Misri ambako wataalamu wa Kiingereza Grenfell na Hunt walianza kuchimba mwishoni mwa 1896, ulitoa maelfu kwa maelfu ya vipande vya mafunjo, karatasi za kale zilizotengenezwa kwa matete, kutoka kwenye majalala, kwa sababu mchanga wa pale ni mkavu. Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, kilichookoa barua za askari wa Kirumi ni kinyume chake: udongo uliolowa maji na kukosa hewa, ukavihifadhi vibao vyembamba vya mbao. Novgorod ya Urusi ilizika barua za magome ya mibetula, miti ya nchi za baridi, katika tope la namna hiyohiyo, na ya kwanza iliibuka Julai 1951. Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, waliandika juu ya udongo, na jengo lililoungua lilivichoma vibao vikawa vigumu zaidi.

Kuna kisa kimoja kinachonifurahisha kila nikikikumbuka. Wayahudi wa Fustat, Cairo ya kale, waliweka makaratasi yao chakavu katika ghala la sinagogi kwa kuogopa kutupa karatasi yenye jina la Mungu. Ndani ya rundo hilo kukabaki barua za wafanyabiashara, hesabu za maduka, mikataba ya ndoa na orodha za mahari. Uchaji wa dini ukatutunzia mambo ya sokoni.

Haya si mapambo. Yanakuonya. Mafunjo mengi tuliyonayo yametoka kingo kavu za bonde la Nile, ilhali Delta, iliyokuwa na watu wengi mno, imetuachia machache sana kwa kuwa unyevu umeyala. Ukisoma kwamba “Wamisri walifanya hivi”, andika pembeni ya daftari: Wamisri wa wapi?

Hatua ya pili: ijue aina ya andiko kabla ya kuliamini

Kila aina ina tabia yake ya kupotosha, na ukishaijua haikusumbui tena.

Barua ya malalamiko husikika upande mmoja tu. Karibu mwaka 1750 KK, mtu aitwaye Nanni alimwandikia Ea-nasir, mfanyabiashara wa shaba mjini Ur, akilalamika kwamba ameuziwa shaba mbovu na mjumbe wake amedharauliwa. Hatujui Ea-nasir angejitetea vipi. Tunachoweza kukiokota bila wasiwasi ni kile ambacho wote wawili walikichukulia kuwa cha kawaida: kwamba fedha hutangulia na mzigo hufuata, kwamba wajumbe huvuka eneo la adui kwa ajili ya biashara, na kwamba mteja ana haki ya kuchagua mzigo na kuukataa.

Salamu za mwanzo wa barua usizisome kama hisia. Watu wa kale walikuwa na kanuni za kuanzia barua, na “nakuombea afya njema” inaweza kumfikia mtu anayechukiwa vilevile kama anayependwa. Mikataba nayo ina maneno ya kukariri; tafuta mstari ambao haumo katika mikataba mingine ya aina yake, maana huo ndio uliotokana na ugomvi wa watu wale hasa. Mashairi ya majibizano yanadai ujue tukio: tungo nyingi za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilizaliwa na mambo ya siku ile, na ubeti ukikatwa na tukio lake unapoteza nusu ya maana. Shajara ya faragha hupendwa kwa ukweli wake, na kwa kweli Samuel Pepys, aliyeandika yake London kuanzia 1660 hadi 1669 kwa hati mkato, anatuambia kwamba moto mkubwa wa 1666 ulipokuwa ukija alifukia ardhini divai yake na jibini lake la Parma. Hakuna orodha ya bei itakayokueleza vizuri zaidi thamani ya jibini lile kwa mtu wa hadhi yake.

Aina inayowaangusha wengi ni kejeli. Hapo tukae kidogo.

Kuna andiko la Misri, lililotungwa kabla ya mwaka 1700 KK, ambamo baba aitwaye Kheti anamsafirisha mwanawe Pepi kwa mashua kuelekea mji wa mfalme ili amwingize shule ya makarani. Njiani anamchambulia kazi nyingine zote, moja baada ya moja, na kila moja ni balaa. Mhunzi wa shaba anakaa mdomoni mwa tanuri, vidole vyake kama vya mamba, ananuka kuliko mayai ya samaki. Mfinyanzi yuko chini ya udongo akiwa bado hai. Kinyozi ananyoa mpaka jioni, akipita mtaa hadi mtaa kutafuta wa kumnyoa. Mfumaji amejikunja magoti tumboni, hewa haipati, akikosa siku moja ya kazi anachapwa, na humpa bawabu chakula ili amwache aone mwanga. Dobi anafua kando ya mto, jirani yake mamba. Karani peke yake ndiye asiye na bosi.

Nani alilitunza andiko hili? Makarani na wanafunzi wa ukarani. Walilinakili kama zoezi, kwa karne nyingi, mara nyingi wakikosea kiasi kwamba sehemu zake hazieleweki vizuri hadi leo. Kwa hiyo ni sifa za kazi fulani zilizotungwa na wenye kazi hiyo, ili kuwatia moyo vijana wanaopiga miayo darasani. Atakayelichukua kama ripoti ya hali ya wafanyakazi amekwisha kupotea. Atakayelitupa kwa kuwa ni chuku naye amepoteza hazina.

Hatua ya tatu: tenga dai na msingi wa dai

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na nashauri uifanye kwa kalamu, si kichwani.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika mwandishi anataka niamini nini. Kulia andika ni nini lazima kiwe kilikuwepo ili maneno yake yaeleweke kwa wasikilizaji wake. Mzaha hauchekeshi bila kitu kinachojulikana chini yake.

Mfumaji, kushoto: maisha yake ni mateso. Kulia: kufuma kulifanyika ndani, mahali palipofungwa, mlango ulikuwa na bawabu, bawabu aliweza kuhongwa, tena kwa chakula, kazi ilipimwa kwa siku, kuchapwa kwa uzembe hakukumshangaza mtu.

Kinyozi, kushoto: anahangaika hadi jioni. Kulia: hana mahali pa kudumu, yeye ndiye anayewafuata wateja, na watu wa kawaida walinyolewa na mtu mwingine badala ya kujinyoa wenyewe.

Dobi, kushoto: yuko hatarini. Kulia: kuna wanaume waliofua nguo za wengine kama kazi, walifulia mtoni, na mamba walikuwa jambo la kufikiriwa kila siku.

Tazama upande wa kulia. Hauna chuku. Mtunzi angeweza kuzidisha viboko, lakini asingeweza kubuni bawabu kama hapakuwa na mabawabu, maana wanafunzi wangebaki wakitazamana.

Mbinu hiihii inafanya kazi mbali na Misri. Wasumeri wa Mesopotamia ya kale wana kisa cha mwanafunzi aliyechapwa na karibu kila mtu shuleni: kwa kuchelewa, kwa kuzungumza, kwa mwandiko mbaya. Mwishowe anamshauri baba yake amkaribishe mwalimu nyumbani. Mwalimu anakaa kiti cha heshima, anakula, anavishwa vazi jipya na pete, kisha ghafla anamwona mtoto kuwa mwenye kipaji. Kisa kimetungwa kwa kuchekesha, pengine na mwalimu mwenyewe. Upande wa kulia wa ukurasa unabaki na vitu vizito: shule ilikuwa na wasimamizi wengi, mtoto alibeba chakula cha mchana kutoka kwa mama yake, na zawadi kwa mwalimu ilikuwa wazo lisilohitaji maelezo.

Jizoeshe pia kutafuta kile ambacho mwandishi hakukieleza. Akitumia kifaa bila kukifafanua, wasomaji wake walikijua. Akisimama kukifafanua, kilikuwa kigeni kwao au kwa wale aliowakusudia.

Hatua ya nne: lete shahidi asiyejuana na wa kwanza

Fasihi ikaguliwe kwa hati, na hati kwa fasihi. Kwa bahati njema, wale mafundi wa makaburi waliotoa jiwe la mahudhurio waliishi katika kijiji kimoja, Deir el-Medina, ng’ambo ya Nile mkabala na Luxor ya leo, na wametuachia maelfu ya vigae na mabapa ya mawe yenye maandishi. Zaidi ya hayo, vijana wa kijiji hichohicho walinakili ile kejeli ya Kheti. Kumbuka tu kwamba kati ya utunzi wake na kijiji kuna karne kadhaa. Mashahidi hawa hawakuishi siku moja.

Dobi kwanza. Kijiji kilikuwa na madobi waliopangiwa nyumba za kuhudumia, na orodha za nguo zilizopelekwa kufuliwa zipo. Baadhi zimechorwa picha za nguo, jambo linaloeleweka kama mfuaji hakujua kusoma. Kwa hiyo upande wa kulia wa daftari lako umethibitishwa, na umeongezeka.

Sasa mafundi wa mawe, ambao Kheti anawasema kuwa wamechakaa miili. Hesabu za kijiji zinaonyesha kwamba fundi wa kawaida alikadiriwa magunia 4 ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri kwa mwezi, na gunia lao, khar, lilikuwa na ujazo wa lita 77 hivi. Hicho ni zaidi ya chakula cha familia moja. Kilichobaki kilibadilishwa kwa vitu vingine. Walichonga majeneza na samani za wateja binafsi nje ya saa za mfalme. Walikodisha punda, na walishtakiana sana juu ya punda hao. Hawa si watu waliozikwa hai.

Ungeishia hapo ungesema Kheti ni mwongo mtupu. Fungua basi mafunjo yaliyoko Turin, ya mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, karibu 1157 KK. Posho zilichelewa, mafundi wakaacha kazi, wakapita vituo vya ulinzi, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu. Walichomwambia mkubwa kilirekodiwa: njaa na kiu ndizo zilizowaleta, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga. Ni mgomo wa kwanza unaojulikana kuandikwa popote. Neema ya miaka mizuri na hofu ya miezi mibaya vilikuwa maisha ya watu walewale, na kila andiko lilishika upande mmoja.

Hatua ya tano: hesabu, lakini usibadilishe kuwa pesa za leo

Ukikuta bei, kiasi au mshahara, utavutika kuuliza ni sawa na kiasi gani sasa. Acha. Swali hilo halina jibu lenye maana. Linganisha bei na kipato cha watu walewale, kwa kipimo chao.

Deir el-Medina walipima thamani kwa deben, uzito wa shaba wa gramu 91 hivi. Jozi ya ndara ilikuwa kama deben 1 au 2, jeneza la mbao la kawaida mara nyingi deben 25 hivi. Lakini soma hati yenyewe na utaona kwamba shaba haikupita mkononi: jeneza lililipwa kwa nafaka, vikapu, nguo, pengine mnyama, kila kimoja kikikadiriwa kwa deben mpaka jumla itimie. Mfano huo mmoja unakufundisha biashara ya kijiji, tena unakuonya usione neno la kipimo ukadhani umeona sarafu.

Hatua ya sita: tafuta wasiosikika

Walioandika walikuwa wachache, na wengi wao wanaume. Usilalamike tu juu ya hilo. Kuna mahali ambapo sauti nyingine zinapenya, na inabidi uzijue njia hizo.

Mahakamani ni njia moja. Karibu 1145 KK, mwanamke wa Deir el-Medina aitwaye Naunakhte alisimama mbele ya mashahidi akasema amewalea watoto wanane na kuwapa kila kitu cha kuanzia maisha, lakini baadhi yao hawakumtunza uzeeni, na hao hawatapata chochote katika mali yake mwenyewe. Mwana mmoja aliyemjali alimwongezea bakuli la shaba nyeusi. Mwandishi wa hati alikuwa mwanamume, lakini uchungu ni wa mama. Na mali ilikuwa yake, sheria haikubisha.

Mwandiko wa mkono ni njia nyingine. Huko Vindolanda, karibu mwaka 100 BK, Claudia Severa, mke wa afisa wa jeshi la Kirumi, alimwalika Sulpicia Lepidina, mke wa afisa mwingine, kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba. Karani aliandika barua. Mwisho wake Severa akaongeza maneno ya mapenzi kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko usio na ufundi wa karani. Tafsiri peke yake haikuonyeshi hilo, kwa hiyo tafuta picha ya andiko inapopatikana.

Watoto hupatikana katika mazoezi na makosa. Onfim, mvulana wa Novgorod wa karne ya 13, alichoka kuandika alfabeti akajichora akiwa juu ya farasi anamchoma adui mkuki. Theon wa Oxyrhynchus, karne ya 2 au ya 3, alimwandikia baba yake kwa sarufi mbovu kwamba asipomchukua Alexandria hatamsalimu tena, na asipomletea kitu hatakula wala kunywa. Kumbe kususa kwa watoto kuna umri mkubwa.

Watumwa ndio wagumu kuliko wote. Katika mikataba wanaonekana kama mali iliyouzwa, wana jina, umri na kasoro za mwili, na pengine hakuna zaidi. Rekodi hivyo hivyo ulivyovikuta, na usijaze pengo kwa huruma yako.

Uliza vilevile nani aliomba andiko liandikwe. Maelezo ya desturi za Waswahili ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, yaliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten, yamejaa mambo ya kuzaliwa, ngoma, ndoa, deni na safari. Ni hazina. Yaliandikwa pia kwa ajili ya msomaji wa nje mwenye maswali yake, katika siku za ukoloni, na hilo linaeleza kwa nini mambo yanafafanuliwa ambayo mwenyeji asingehitaji kufafanuliwa. Kwetu ni faida, kwa sababu siku hizi sisi nasi ni wageni wa karne ile. Lakini palipo kimya, jiulize kama hapakuwa na jambo au hapakuwa na swali.

Hatua ya saba: andika kwa viwango vya uhakika

Kwanza kagua mabano. Katika matoleo ya kitaalamu, mabano ya mraba yana maana kwamba maneno yamefutika au kipande kimevunjika, na mhariri amekisia. Usijenge hoja juu ya neno lililomo ndani ya mabano hayo. Nimeona makala nzima zikisimama juu ya kisio.

Kisha panga ulichopata katika sentensi za namna tatu. Kwa mfumaji wetu, ya kwanza ingekuwa: “Andiko linasema mfumaji alimpa bawabu chakula ili atoke nje.” Hiyo haina ubishi. Ya pili: “Wasikilizaji wa andiko hili walijua kazi ya kufuma iliyofanywa mahali palipofungwa na kulindwa.” Hiyo imetokana na upande wa kulia wa daftari, na unaweza kuitetea. Ya tatu: “Wafumaji wa Misri waliishi kama wafungwa.” Hiyo futa, au iache mpaka upate hesabu za karakana, posho zao na majina yao.

Chini ya kila sentensi ya namna ya pili andika aina ya hati ambayo ingeweza kuitengua: orodha ya posho, kesi, barua ya mfumaji mwenyewe. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia usome nini baada ya hapa.